Fundo la Bi Msumari

Sanamu ilifika juu ya lori, imefunikwa turubai, na kila mtu akaambiwa asiichungulie hadi siku ya sherehe. Bi Msumari akaichungulia papo hapo. Alichokiona kilimfanya acheke mpaka akakaa chini kwenye kokoto. Mchongaji alikuwa amempa kifua cha mwanamke mwingine, tena mwanamke aliyekula akashiba, na shingo ndefu ya kuvalia mikufu, na macho yanayotazama mbali utadhani anasubiri basi lililochelewa. Bi Msumari wa nyama na mifupa alikuwa mfupi, mkavu, na magoti yake yamepinda kwa nje. Mbali hakupata kutazama maishani mwake. Kazi yake ilikuwa kutazama mahali pa kuweka kidole kinachofuata.

"Huyu ni nani?" alimuuliza Mwenyekiti wa kamati ya sherehe, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye alikuwa ametoa saruji ya sanamu bure na kuhakikisha hakuna asiyejua.

"Ni wewe, mama."

"Mimi na kifua hiki ningepenya ufa gani?" Macho yake yakashuka hadi kiunoni mwa sanamu, na kicheko kikamkauka. "Na kamba hii nani kamfunga? Hili si fundo la viatu? Huyu mama akiegemea kidogo tu, tumemzika."

"Hiyo ni sanaa, mama."

"Basi sanaa itavunjika shingo."

Mwenyekiti akairudishia turubai upesi na kumkumbusha jambo jingine, ambalo ndilo hasa lililomleta. Siku ya sherehe Bi Msumari angevishwa mkanda mwekundu, angetangazwa Kamanda wa Heshima wa kikosi cha uokoaji mlimani, na mbele ya halaiki angemtaja wa kumrithi. Asipomtaja yeye, kamati ingemtaja. Bi Msumari alikuwa amekula chumvi nyingi. Alijua kwamba mtu akishaitwa "wa heshima" maana yake anafukuzwa kwa nyimbo na keki.

Kufukuzwa hakukumuuma sana. Kilichomuuma ni kwamba wa kumrithi hakumwona.

Jina la Msumari alipewa na baba yake, fundi viatu, kwa sababu alikuwa mwembamba, mgumu, na akishaingia mahali hatoki mpaka aharibu ukuta. Alikulia katika duka la baba, chumba chenye harufu ya gundi na ngozi, na dirisha moja linalotazama mlima. Viatu vya wapanda mlima vililetwa pale vikiwa vimekufa: soli zimeng'oka, pua zimetoboka. Binti akavishona na kujiuliza ni kitu gani kule juu kinachokula viatu kiasi hicho. Siku moja akaenda kuona. Alipanda kama mpagazi, mgongoni amebeba sufuria za watu waliokuwa wanakwenda kuwa mashujaa. Mashujaa wakaishiwa pumzi katikati ya njia wakaketi kupiga picha, naye akaendelea kidogo na sufuria zake, kwa udadisi tu, akajikuta amefika kileleni peke yake. Ilibidi ateremke kuwapikia.

Baadaye ukaja Ukuta wa Mashariki, upande wa mlima uliosimama wima, ambao hakuna aliyewahi kuupanda. Wanaume wa mji walikuwa wameuzungumzia kwa miaka, na kwa mazungumzo walikuwa wamekwisha kuupanda mara nyingi. Bi Msumari aliupanda kwa mikono, akiwa na Mwalimu wa hesabu, mtu wa kwanza mjini kumiliki kamba ya kupandia. Waandishi wa habari walimfuata dukani wakamuuliza alihisi nini alipokanyaga mahali ambapo hapajakanyagwa na binadamu.

"Nilihisi mkojo," akasema, sindano mdomoni. "Na kule juu hakuna kichaka."

Hawakuliandika hilo. Waliandika kwamba alimwaga chozi.

Basi vijana wakaanza kumwiga, na kama ilivyo desturi ya kuiga, walijua kupanda, kushuka hawajui. Wakawa wanakwama mmoja mmoja, na kila anapokwama mtu, ndugu zake wanakimbilia dukani kwa Bi Msumari kana kwamba ndiye aliyemweka kule. Yeye na Mwalimu wakaanzisha kikosi cha uokoaji kwenye chumba cha nyuma: kamba, machela, kofia ngumu, na vile vyuma vya kuunganishia kamba ambavyo wapandaji huviita pingu. Mmoja wa waliokwama alikuwa karani wa posta. Bi Msumari alimteremsha huku akimtukana kuanzia juu hadi chini: miguu yake, ukoo wake, viatu alivyovaa, hata namna alivyokuwa akipumua. Karani alipogusa ardhi alimwomba wafunge ndoa. Alisema kwamba maishani mwake hajapata kuona mtu anayemjali kwa sauti kubwa kiasi kile. Mpaka leo ni mumewe, na amekuwa kiziwi wa sikio moja, lile la upande anaolala mkewe.

Matusi hayo hayakuwa tabia mbaya tu, ingawa tabia mbaya ilikuwemo. Yalikuwa kanuni, na kanuni ilitoka kwa Mwalimu.

Katika siku za mwanzo Mwalimu ndiye aliyekuwa mkubwa wa kikosi, na alikuwa mtu wa kuheshimiwa. Nusu ya kikosi alikuwa amewafundisha kujumlisha. Asubuhi moja alijifunga kamba mwenyewe, akafunga vibaya, akasogea ukingoni. Wote waliliona lile fundo. Kila mmoja akamtazama mwenzake, akakohoa, akasema moyoni kwamba Mwalimu hawezi kukosea, na kama amekosea si adabu kumwambia. Mwalimu akaegemea kamba, kamba ikamwacha. Bahati yake aliangukia mwamba uliojitokeza chini kidogo. Walipomfikia, mguu ukitazama usikotakiwa kutazama, aliuliza jambo moja tu.

"Mliliona fundo?"

"Tuliliona, Mwalimu."

"Mkanyamaza?"

"Tulikuheshimu, Mwalimu."

"Heshima yenu imenila mguu, wapumbavu nyie!"

Tangu siku hiyo Mwalimu alitembea kwa fimbo na Bi Msumari akawa kamanda, na amri yake ya kwanza ilikuwa hii: hakuna anayevuka ukingo kabla mwenzake hajalishika fundo lake, hajalivuta, na hajalitukana. Likiwa zuri, litukanwe. Likiwa baya, litukanwe zaidi. Sifa ni mwiko. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mpandaji akisifiwa fundo huacha kulitazama. Tena shikamoo zote mwisho wake kwenye gari. Kambani hakuna mkubwa. Mtu akimsalimu Bi Msumari akiwa amekwisha kujifunga, haitikiwi hata angemwamkia mpaka jua lizame. Wageni waliona kikosi kile ni cha wahuni. Lakini wahuni wale, kwa miaka yote aliyowaongoza, walirudi nyumbani na miguu yao.

Sasa, katika wahuni wote, wawili ndio waliofaa kuongoza.

Wa kwanza alikuwa fundi umeme, aliyeitwa Swichi. Mrefu, mchangamfu, anayependwa na kila mtu, kwa sababu hakuna kitu ambacho hakukisifia. Akija kutengeneza umeme nyumbani kwako anasifia kwanza nyaya zilizoungua. Kutukana fundo alitukana kwa kuwa ni amri, lakini alitukana kwa tabasamu, jicho lake likiwa kwa mtu na si kwa kamba. Mwenyekiti alimtaka yeye.

Wa pili alikuwa binti wa marehemu kaka yake Bi Msumari, muuguzi wa hospitali, na kikosi kilimwita Samahani. Aliomba radhi kwa mgonjwa, kwa machela, kwa mlango alioupiga kumbo. Kuna siku jiwe lilimwangukia begani akaliambia samahani. Mikono yake ndiyo ilikuwa bora kuliko mikono yote ya kikosi, na jicho lake halikupitwa na kitu. Lakini ikifika zamu ya kukagua kamba ya shangazi yake, anaishika, anaivuta, anameza mate, na kutoa: "Shikamoo, Shangazi. Fundo lako... naona si baya."

"Si baya ni tusi?"

"Samahani."

"Mtoto asiyeweza kunitukana hawezi kuniokoa," Bi Msumari alimwambia siku moja dukani, akimpigia nyundo kisigino cha kiatu. "Siku nitakayofunga ujinga utaniambia nini? Shikamoo, Shangazi, unakufa?"

"Wewe hufungi ujinga, Shangazi."

Hapo Bi Msumari akainamia kiatu. Kwa maana kulikuwa na jambo ambalo hakuna aliyelijua. Miaka michache nyuma alikesha juu ya theluji na mwanafunzi aliyevunjika nyonga, akavua glavu zake akamvisha, na baridi ikamchukulia malipo. Kidole gumba chake cha kulia na cha pembeni yake vilikuwa havisikii tena. Mwezi ule uliopita msumari wa kiatu ulimchoma, akaendelea kushona, akagundua baada ya kuona damu kwenye ngozi ya mteja. Alimwambia mteja ni rangi. Alikuwa anaogopa, na kwa kuwa hakuzoea kuogopa hakujua mahali pa kuiweka hofu yenyewe. Aliamua tu kwamba atateremka mara moja ya mwisho, siku ya sherehe, kisha atundike kamba, na wa kumrithi Mungu anajua.

Sherehe ilifanyika kwenye machimbo ya mawe ya zamani, pembeni ya mji, mahali kikosi kilipokuwa kikifanyia mazoezi. Chini kulikuwa na viti, hema, spika kubwa, kwaya ya shule, na sanamu ndani ya turubai. Ratiba ya kamati ilisema hivi: shujaa atateremka kwa kamba kutoka juu ya ukuta wa machimbo, mkasi mkononi, atue mbele ya sanamu na kukata utepe, kisha amtaje mrithi. Mumewe aliketi mstari wa mbele, ametega sikio lake zima.

Juu ukingoni walikuwa Bi Msumari, Swichi, Samahani, na Mwenyekiti na kipaza sauti chake. Upepo ulikuwa wa baridi. Bi Msumari alikataa kufungwa na mtu, akageuka pembeni, akajifunga. Vidole vyake vilikwenda vyenyewe njia viliyoizoea. Angalau ndivyo alivyofikiri. Kabla hajageuka vizuri, Mwenyekiti akamvisha mkanda mwekundu wa hariri wenye maandishi ya dhahabu, mpana kama taulo, ukamshuka kutoka begani hadi nyongani na kufunika kila kitu kilichokuwa kiunoni, fundo likiwemo.

"Tazameni, wananchi!" Mwenyekiti alipaza sauti, na spika za chini zikairudia. "Mwanamke wa chuma! Mwanamke asiyekosea!"

Bi Msumari akamgeukia Swichi, maana zamu ya ukaguzi ilikuwa yake. Akasubiri tusi.

Swichi aliutazama mkanda ulivyometameta, akamtazama uso, akatabasamu kwa mapenzi ya kweli. "Kamanda, fundo lako likaguliwe na nani? Wewe ndiye uliyetufundisha mafundo. Uko safi!"

Chini watu wakapiga makofi. Mwenyekiti akapiga makofi. Bi Msumari akajiona yuko peke yake, na upweke wa namna ile hakuwahi kuuhisi hata katika Ukuta wa Mashariki. Alitaka kusema kitu, lakini kusema angesemaje? Nitukaneni, tafadhali? Kiburi nacho si mtoto wa jirani. Kilikuwa kinakaa nyumbani kwake, kinakula naye. Akapiga moyo konde, akaupa mgongo ukingo, akaanza kurudi nyuma kidogo kidogo, visigino vikitafuta mwisho wa mwamba.

"Shangazi, samahani..." ilisikika sauti.

"Samahani yako utaniletea chini."

Kisha mkono ukaja. Ukaushika ule mkanda wa heshima na kuufunua juu kama mtu anayefunua sufuria inayonuka.

Samahani alitazama. Kamba ilikuwa imepita kwenye mkanda wa kupandia uliofungwa kiunoni, ikaanza kurudi kulifuata fundo la kwanza, ikafika nusu ya njia na kuachwa hapo. Ncha ilikuwa inaning'inia. Binti akafungua mdomo. Bi Msumari aliona kabisa lile neno la shikamoo likimpanda kooni, na aliona pia likimezwa.

"Fundo gani hili?" Samahani akasema.

Sauti ilikuwa ndogo. Kisha haikuwa ndogo.

"Nimeuliza, fundo gani hili? Hili ni fundo au ni uvivu umetundikwa? Hata yule mama wa saruji uliyetusimulia kafungwa vizuri kuliko wewe! Mbuzi wa jirani ukimfunga hivi atakusubiri umalize, akuonee huruma, ndiyo aondoke zake! Mtu mzima, umevaa hariri, unataka kufa mbele ya kwaya? Toka hapo ukingoni! Toka, mwanamke huna haya!"

Mwenyekiti alikuwa amesimama katikati yao, kipaza sauti kifuani. Kila neno lilishuka likatoka kwenye spika. Kwaya ilikatika katikati ya ubeti. Halaiki yote ikaganda, na katika ukimya ule mtu mmoja tu alisimama na kupiga makofi. Alikuwa karani mstaafu wa posta, machozi yakimtoka.

"Wananchi," Mwenyekiti alisema, jasho likimtiririka, "hii ni sehemu ya maonyesho."

Bi Msumari alitoka ukingoni. Alilitazama fundo lake kwa muda mrefu. Hofu ilimpanda kuanzia nyayoni. Alikuwa amekufa, hilo alilijua kama ajuavyo soli iliyokwisha. Alikuwa amekufa na makofi yalikuwa yameshapigwa. Juu ya hofu hiyo ikaja furaha, kubwa mno, isiyo na adabu, akaona aibu kuwa nayo mbele za watu.

"Endelea," akasema.

"Nimemaliza, Shangazi." Samahani alikuwa analia sasa.

"Hujamaliza. Hukukitukana hiki." Akanyoosha kidole gumba cha kulia. "Hakisikii. Na hiki cha pili hakisikii. Nimewaficha kwa sababu ya ujeuri. Tukana."

"Wewe... wewe mjinga, Shangazi."

"Vizuri."

Swichi alikuwa ameinamisha kichwa. "Mimi niliutazama mkanda," akasema taratibu. Bi Msumari akampiga begani, si kwa nguvu. Kosa lile lilikuwa la kale kuliko Swichi. Mwalimu alikuwa amelilipia kwa mguu.

Akajivua hariri akamtupia Mwenyekiti, akakivuta kipaza sauti karibu na mdomo.

"Mlitaka nimtaje," akawaambia watu wa chini. "Mmemsikia wenyewe."

Samahani akajifunga kamba. Mikono ilijua kazi yake. Bi Msumari akalishika fundo kwa mkono wa kushoto, ule unaosikia, akalivuta, akaligeuza, akalitafuta kosa kila pembe. Halikuwa nalo. Lilikuwa fundo zuri kuliko yote aliyoyaona maishani, na kanuni ni kanuni.

"Baya," akasema. "Limebana kama viatu vya kuazima. Ondoka mbele yangu."

Binti akachukua mkasi, akavuka ukingo. Bi Msumari yeye alishuka kwa barabara ya malori, kwa miguu yake, polepole, akipitwa na kuku. Alipofika chini utepe ulikuwa umekatwa na turubai limeanguka. Watu walikuwa wanakitazama kile kifua cha saruji bila kujua wacheke au wapige saluti, na mumewe alikuwa anamweleza mchongaji, kwa sauti ya kiziwi, mahali gani amezidisha.

Samahani alikuwa amesimama mbele ya sanamu, kamba ameshaivua. Ndipo akaanza kuelewa ni maneno gani ameyatoa, kwa nani, na kwenye spika. Uso ulimwiva. Alimsogelea shangazi yake akiwa ameinamisha macho.

"Shikamoo, Shangazi."

Bi Msumari akaangalia kiunoni mwa binti kuhakikisha hakuna kamba. Walikuwa chini, kwenye ardhi tambarare, mahali ambapo salamu huitikiwa.

"Marahaba, Kamanda."